Marehemu Alikuja na Probox

Asubuhi ile ya Jumanne Rosebella alikuwa amelipaka kaburi chokaa mara tatu, na bado aliona halijang'aa vya kutosha. Alirudi nyuma hatua tano, akafumba jicho moja, akaona doa dogo karibu na herufi ya H, akachovya brashi tena.

"Rosebella!" senje wake aliita kutoka barazani. "Ukiendelea hivyo huyo mtu atasema tumezika jana."

Senje Awinja alikuwa dada wa marehemu babake Rosebella, mwanamke wa miaka themanini na mitano aliyebaki na meno manne na maneno yote. Alikuwa amefunga kitambaa chake cha harusi kichwani, kwa sababu siku ya kukaguliwa si siku ya kuvaa kitambaa cha kubebea kuni.

"Acha aseme," Rosebella akajibu. "Bora alione."

Na hapo ndipo mambo yote yalipokuwa. Kaburi lazima lionekane.

Nyumba yenyewe ilikuwa nje kidogo ya Iguhu, ya mawe, bati jekundu, baraza pana na bomba la moshi lisilo na kazi yoyote katika nchi hii isipokuwa kufugia popo. Aliijenga Mzungu mmoja enzi zile watu walipopandwa na wazimu wa dhahabu ya Kakamega. Alichimba miaka saba, akapata dhahabu ya kujaza kijiko cha chai, akafunga virago. Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto, serikali ya kikoloni ikawaweka humo watoto tisa yatima kutoka Poland pamoja na mama mlezi mmoja, watoto waliofukuzwa makwao na kuzungushwa nusu ya dunia kwa treni, kwa lori na kwa meli, hadi wakajikuta katikati ya Waidakho wakila obusuma, ugali wa huko, kwa mikono. Mpishi wao alikuwa Isaiah Ingosi, babake Awinja, babu yake Rosebella. Ndiye aliyewajengea tanuri la matofali nyuma ya jiko ili wale mkate wa kwao, mkate mweusi, mzito, wenye uchachu kidogo. Rosebella aliuoka mkate huo huo katika tanuri hilo hilo mpaka leo. Zamani watu wa Iguhu waliucheka; sasa walikuwa wanaupigania kabla ya saa moja asubuhi.

Rosebella alizaliwa katika jiko lile. Alikuwa na miaka sitini na mmoja na hakujua kulala usingizi wa maana chini ya bati lingine. Na sasa mwekezaji mmoja, Wandera, aliyekodishiwa kiwanja na serikali, alikuwa amekuja na mchoro wa hoteli ya ghorofa nne, na pale penye tanuri mchoro ulisema "kuoshea magari". Rosebella alipoyasoma maneno hayo aliketi chini kwenye nyasi, mchoro mkononi. Tumaini lilibaki moja. Kamati ya majengo ya kale ilimwandikia kwamba ikithibitishwa kuwa pana kaburi la mmoja wa wakazi wa wakati wa vita, nyumba haitaguswa.

Kaburi lilikuwepo! Lilikuwa chini ya mpera, na maneno yake yalichorwa kwa msumari kwenye saruji mbichi na babu mwenyewe: HALINA 1938–1949. Kilichokuwa ndani ya kaburi, hilo fomu haikuuliza, na Rosebella hakuona sababu ya kujibu asichoulizwa. Mkaguzi, Bwana Kipkoech, angefika saa nne.

Saa tatu na nusu Probox nyeupe ikasimama langoni.

Akashuka bibi mmoja wa Kizungu, mfupi, mkavu, kofia nyekundu kichwani, fimbo mkono huu na mkoba mkono ule. Aliitazama nyumba tangu bati hadi ngazi, polepole, akitikisa kichwa. Kisha akamtazama Rosebella na kusema, kwa sauti ya mtoto anayeagiza uji:

"Hodi! Mimi Halina. Ingosi iko?"

"Halina gani?" Rosebella akauliza, brashi ikimdondokea chokaa kwenye kiatu.

"Halina ya hapa."

Senje Awinja, ambaye kwa miaka sita alihitaji watu wawili kumwinua kitini, aliinuka peke yake. Hakuinuka tu, alitoka mbio. Alizunguka kona ya nyumba mguu niponye, kitambaa cha harusi kikimpeperuka, na kufumba na kufumbua alikuwa nyuma ya tanuri akipiga kelele.

"Asiingie! Mwambie asikanyage hapa! Tulimzika sisi wenyewe!"

"Nani iko lia huko?" bibi wa kofia nyekundu akauliza. Uso ukamchangamka. "Awinja? Awinja! Toka! Mimi hapana kula wewe!"

Kichwa cha Awinja kikachungulia. "Kama ni wewe kweli, sema nani aliiba sukari ya mama mlezi siku ya Pasaka!"

"Wewe!"

"Mwongo! Ni wewe!"

"Sisi mbili," Halina akakubali.

Awinja akatoka nyuma ya tanuri, masizi begani, akilia na kucheka kwa wakati mmoja. "Ni yeye," akamwambia Rosebella. "Na kovu la nyusi ni lile. Alianguka kwa dirisha la jikoni, mimi ndiye nilimsukuma. Ni yeye, Mungu wangu, ni yeye. Lakini hapana kuingia!"

Rosebella hakulia wala hakucheka. Alikuwa anapiga hesabu. Kaburi jeupe pe chini ya mpera. Mwenye kaburi mzima langoni. Mkaguzi njiani. Katika maisha yake hakuwahi kumtakia mtu kifo, na hata sasa hakumtakia, Mungu ni shahidi, lakini alitamani kidogo tu kwamba mama huyu angekosa ndege.

Wakamwekea Halina kiti nje ya lango. Awinja akaweka chake ndani ya lango. Wazee wawili wakakaa wakitazamana, mwamba wa chini wa lango katikati yao, maana mtu aliyekwisha kuliliwa haingii nyumbani pake kiholela. Halina alieleza kwa Kiswahili chake cha jikoni, alichokiacha akiwa na miaka tisa na hakikuwa kimekua hata siku moja tangu hapo. Alikuwa mwalimu wa hesabu huko Uingereza, mstaafu, bibi wa wajukuu watano. Mjukuu mmoja aliona kwenye simu picha ya mkate wa Rosebella, na nyuma ya mkate akaiona nyumba ambayo bibi yake huichora kila Krismasi. Basi.

"Sasa sema," Halina akasema. "Mimi nakufa lini?"

Awinja akamtuma Rosebella alete mkebe. Ndani yake mlikuwa na barua na picha, zimefungwa kwa kitambaa. Mwaka wa 1949, Awinja akaeleza, miaka miwili baada ya watoto kuondoka na lori, kilikuja kifurushi kutoka ng'ambo kwa jina la Isaiah Ingosi. Ndani: gauni la Halina, viatu vya Halina, barua yenye msalaba juu, iliyoandikwa kwa lugha ambayo karani hakuijua, padri hakuijua, na mwalimu alisema si ya watu. Pamoja na hivyo, picha. Halina amevaa nyeupe tupu, shela kichwani, maua kifuani, mshumaa mkononi, na macho yamefumbwa.

"Sasa wewe niambie," Awinja akasema. "Hapa kwetu mtu akifia mbali, nguo zake zinarudishwanga nyumbani. Nguo zimekuja. Msalaba umekuja. Na wewe kwa picha umefumba macho. Baba angefikiria nini kingine?"

Isaiah Ingosi alilia siku nzima, jambo ambalo hakulifanya hata alipofiwa na kaka yake. Kisha akafanya kama inavyofanywa mwili usipopatikana. Alikata mgomba wa kimo cha mtoto, akauosha, ukavishwa lile gauni na vile viatu, na kijiji kizima kikauzika chini ya mpera, ili roho ya mtoto isizurure huko baharini ikikosa pa kulala.

Halina alishika picha kwa mikono miwili. Mabega yakaanza kumtikisika. Rosebella alidhani analia, akamkimbilia. Kumbe anacheka, anacheka hadi kofia ikamwanguka, hadi dereva wa Probox akashuka kuangalia kama abiria wake ni mzima.

"Komunyo!" alisema akijipangusa macho. "Komunyo ya kwanza! Mpiga picha mjinga, mimi napepesa macho!" Akafungua barua. Akaupapasa mwandiko wake wa utoto, kisha akatafsiri, kidole kikifuata mistari. "Baba Ingosi. Mimi nakuwa kubwa. Gauni hii dogo sasa, viatu dogo. Peana Awinja. Yeye sasa iko kimo yangu."

"Soma tena hapo," Awinja akasema.

"Peana Awinja."

"Peana nani?"

"Awinja. Wewe."

Senje Awinja aligeuka polepole akalitazama kaburi. "Gauni la maua ya buluu," alisema. "Lenye kola. Nililililia siku tatu lile gauni. Nilivalisha mgomba kwa mikono yangu mwenyewe nikifunga vifungo kimoja kimoja." Kisha akapiga ukelele uliowarusha kuku. "Baba alizika gauni langu!"

"Mgomba napendeza?" Halina akauliza.

"Alipendeza kukushinda wewe!"

Wakashikana mikono juu ya ule mwamba wa lango, wakacheka hadi wakakohoa. Rosebella naye angecheka, ila wakati huo huo alisikia gari likipanda kilima. Bwana Kipkoech alikuwa amewahi.

Akapiga magoti mbele ya Halina pale pale vumbini. "Mama, nakuomba, uwe mtu mwingine kidogo tu." Akamweleza kwa haraka: nyumba, hoteli, kuosha magari, kaburi. Macho ya Halina yalizidi kung'aa kwa kila neno.

"Mimi kuwa nani?"

"Dada yake."

"Mimi dada ya mimi."

"Ndiyo, mama."

"Mzuri sana," Halina akasema, akavaa kofia.

Bwana Kipkoech alikuwa mtu mrefu, mnadhifu, mwenye tai iliyobanwa na pini na kalamu tatu mfukoni zilizopangwa kwa urefu. Alisalimia kila mtu kwa mkono, akatoa faili, rula na futi kamba. Hakuonekana mtu wa mchezo. Kikundi cha isukuti, ambacho Rosebella alikialika ili kumwonyesha mgeni jinsi kaburi lilivyoheshimiwa, hakikujua hili wala lile. Kilipomwona tu mtu wa faili kikapiga ngoma na kuanza wimbo wa maombolezo, jina la Halina likijirudia katika kila ubeti. Halina alisikiliza kilio chake mwenyewe kwa makini. Mguu wake wa kulia ukaanza kugonga chini. Halafu wa kushoto. Halafu akasimama na fimbo yake, akatikisa mabega kama alivyofundishwa hapo hapo enzi za vita.

"Dada ya marehemu anafurahi sana," Bwana Kipkoech akasema.

"Ni miaka mingi," Rosebella akasema. "Uchungu umepoa."

"Pole, mama," mkaguzi akamwambia Halina, kalamu tayari. "Marehemu aliugua nini?"

"Malaria," Awinja akasema.

"Nyoka," Halina akasema, kwa pamoja.

Kalamu ikasimama.

"Malaria, halafu nyoka," Rosebella akaingilia, jasho likimtoka. "Nyoka alimkuta tayari ni mgonjwa."

"Kubwa," Halina akaongeza kwa raha zake, akipanua mikono. "Kama mti."

Bwana Kipkoech akaandika. Akaenda akapima kaburi urefu, akapima upana, akapima umbali wake toka ukutani, akarudi na fomu langoni. "Kila kitu kiko sawa. Jamaa wa marehemu atie sahihi hapa, kuthibitisha aliyelala humu, nami nagonga muhuri."

Rosebella aliusikia moyo wake ukitulia kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Sahihi moja tu. Halina akaipokea kalamu huku bado anacheka, akaweka fomu juu ya goti, akainua macho kulitazama kaburi. Hapo kicheko kikamtoka kidogo kidogo, mpaka kikaisha.

"Mama yangu nakufa kwa treni," alisema. Hakuwa anamwambia mtu yeyote hasa. "Kule baridi. Askari toa yeye, weka kwa theluji, treni enda. Kaka yangu Staszek, hospitali ya Uajemi, mimi hapana jua wapi. Baba, hapana jua. Mimi natafuta miaka mingi. Naandika barua mingi. Hapana kaburi. Hapana hata moja." Akanyoosha kalamu kuelekea mpera. "Watu yangu yote, kaburi iko moja tu. Yangu."

Halina akavuta pumzi, akaitazama nyumba, akamtazama Rosebella kwa upole. "Lakini nyumba iko mzuri. Mimi weka sahihi."

Na angeiweka. Ncha ya kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Rosebella aliliona tanuri, akauona mkate wa alfajiri, akaliona bati alilozaliwa chini yake, vyote vikimngoja anyamaze sekunde moja zaidi. Hakuweza. Mtu huyu vita vilimnyang'anya kila mtu aliyekuwa naye, na sasa yeye amkalishe langoni ajiandike kwamba hata yeye mwenyewe hayupo, kwa ajili ya jiko? Akainyakua ile fomu.

"Usiweke, mama. Bwana Kipkoech, nimekudanganya. Halina ndiye huyu. Kaburini mna mgomba."

Mkaguzi alimtazama Rosebella, akamtazama Halina, akalitazama kaburi, akaitazama futi kamba mkononi mwake.

"Mgomba," alisema.

"Ndiyo."

"Na nyoka?"

"Hakukuwa na nyoka."

"Malaria?"

"Hiyo mimi napata," Halina akasema. "Mara tatu."

Bwana Kipkoech akafunga faili. Akazirudisha kalamu mfukoni moja moja, akatembea hadi kwenye gari lake, akaweka faili juu ya boneti na kusimama akiwapa mgongo. Rosebella alihisi machozi yanamjia. Alikuwa ameipoteza nyumba ya babu yake kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya kikundi kizima cha isukuti, na jambo la ajabu ni kwamba hakujuta. Alisubiri tu aambiwe. Mabega ya mkaguzi yalikuwa yanatikisika kwa hasira.

Halafu wakaisikia sauti. Haikuwa hasira hata kidogo. Mtu mzima na tai yake alikuwa amelalia boneti, anacheka, anapiga bati la gari kwa kiganja, akijaribu kusema "nyoka kama mti" na kushindwa.

"Miaka kumi na tisa," alisema alipopata pumzi, akijifuta macho kwa tai, "miaka kumi na tisa napima makaburi. Hakuna hata moja lililonijibu swali. Fomu inauliza kaburi kwa sababu sisi tulijua wote wamekwisha! Nani alifikiria mtu atakuja mwenyewe?" Akafungua faili tena. "Mama, wewe ulilala chumba gani?"

Halina akasimama kama amechomwa na pini. "Kuja, mimi onyesha!"

"Haingii!" Awinja akasimama katikati ya lango, mikono kiunoni. Hapo mzaha ulikwisha. Hili lilikuwa jambo la nyumbani kwao na alilijua kuliko wote. Mtu aliyekwisha kuzikwa, akasema, hapiti mlango ule ule aliotokea, maana atapita na kifo chake mkononi. Kwanza azungushiwe ingokho, kuku mweupe. Halafu aingie kwa dirisha, kama mtu anayeanza upya.

"Dirisha gani?" Bwana Kipkoech akauliza, kalamu tayari, maana sasa alikuwa anaandika kila kitu.

"La jikoni."

"La sukari!" Halina akapiga makofi. "Mimi jua hiyo!"

Ikawa patashika. Kuku mweupe alipatikana kwa jirani, akazungushwa mara tatu, na mara ya nne akajizungusha mwenyewe hadi kwenye miwa na hakuonekana tena siku hiyo. Dereva wa Probox akashika fimbo na kofia. Rosebella akaingia jikoni na kuvuta kwa ndani. Bwana Kipkoech akavua koti, akalikunja vizuri, akainama chini ya dirisha, na mwalimu mstaafu wa hesabu, mwenye miaka themanini na sita na magoti mawili ya bandia, akamkanyaga begani.

"Sukuma!" Awinja akaamuru.

"Naogopa kumvunja, bibi!"

"Nilimsukuma mimi hakuvunjika! Sukuma!"

Akasukuma. Halina akapita dirishani kichwa kwanza, akamwangukia Rosebella, wote wawili wakaangukia gunia la unga, na unga ukawapanda hadi nyusi. Nje watu walingoja roho mkononi.

"Mimi ndani!" sauti ikatangaza, na ngoma zikalipuka.

Kilichofuata kilichukua saa tatu. Halina alitembea chumba hadi chumba, mweupe kwa unga, akionyesha kwa fimbo. Hapa alilala yeye na wasichana watatu. Hapa wavulana. Hapa kwenye meko walikausha soksi hata jua likiwaka, kwa sababu mama mlezi hakuwa anaamini kwamba nchi inaweza kukosa baridi. Kwenye ukuta huu ilining'inia ramani, na kila Jumapili jioni mama mlezi alipima kwa uzi kutoka Kakamega hadi nyumbani, hadi siku moja aliukunja ule uzi, akautumia kushonea kifungo, na hakupima tena. Bwana Kipkoech alijaza fomu, akajaza nyuma ya fomu, akaomba karatasi, na zilipokosekana akaandika kwenye mifuko mitupu ya unga.

Mwisho wakafika kwenye tanuri. Rosebella alikata kipande cha mkate wa asubuhi. Halina akakiuma, akatafuna na macho yamefumbwa vile vile kama kwenye picha.

"Ingosi," alisema, na hakuhitaji kusema zaidi. Rosebella akageuka upande akalia kwenye aproni yake.

Bwana Kipkoech akaweka ile mifuko ya unga juu ya ukingo wa tanuri, akatoa muhuri, akaupulizia pumzi, akaugonga kila mfuko.

"Nyumba hii haibomolewi," akasema. "Nitaipeleka mifuko hii mbele ya kamati mimi mwenyewe. Na wakitaka shahidi, yupo, ana kofia nyekundu. Bwana Wandera akaoshee magari mahali pengine."

Rosebella alimkumbatia, tai, kalamu, unga na vyote.

Likabaki kaburi. Awinja alikuwa amesimama mbele yake muda mrefu. "Hili sasa halikai," alisema. "Kaburi la mtu aliye hai ni kumwita afe. Lifukuliwe, mgomba utoke." Akafikiri. "Na gauni langu."

"Hapana fukua," Halina akasema. Alikuwa amekuja polepole, akiegemea fimbo, na sauti yake haikuwa tena ya mtoto. "Mimi natoka. Kwa hivyo nafasi iko."

Rosebella alielewa kabla ya wengine. Kulikuwa na saruji iliyobaki baada ya fundi kurekebisha ngazi. Alikoroga kidogo kwenye karai, akaja na mwiko, akaziba herufi za babu yake moja moja. Kila moja ilipopotea Halina aliipungia mkono, "Kwaheri, kwaheri," na watu wakacheka naye. Kisha saruji ikalainishwa juu ya jiwe lote, na Rosebella akamkabidhi msumari.

Halina aliandika mwenyewe, amepiga magoti yake ya bandia kwenye nyasi. ZOFIA. TADEUSZ. STASZEK. Hakuweka miaka, kwa sababu hakuijua yote.

"Huyu wa kwanza ni nani wako?" Awinja akauliza.

"Mama."

"Alikuwa anapendanga nini? Siwezi kumlilia mtu bila kujua alipenda nini."

Halina akafikiri. Alikuwa mdogo sana alipompoteza. "Kuimba," alisema. "Na viazi."

Awinja akaitikia kwa kichwa, akajifunga kitambaa chake upya, akapumua. Halafu akakumbuka kitu. Aliinama kwa shida, akaweka kiganja juu ya saruji mbichi, pembeni, pasipo na maandishi.

"Lile gauni," akamwambia Halina, "wacha nimwachie mama yako. Ataona vile ulikua."

Halina akamshika mkono na hakuuachia. Ngoma zikaanza, na Senje Awinja akainua sauti akamlilia Zofia aliyependa viazi, akamlilia mumewe, akamlilia mwanawe, kwa majina yao, watu waliokaa zaidi ya miaka themanini bila kuliliwa, mpaka ikafika saa ya chai.